Sura ya Sita: Kukausha Hewa ya Pwani

Mwaka 1902, katika kiwanda kimoja cha uchapaji kule Brooklyn, New York, karatasi ziliwatia wachapaji wazimu. Picha ya rangi ilichapwa kwa awamu, rangi moja baada ya nyingine, na kati ya awamu na awamu hewa ya kiangazi ilikuwa imeshabadilika. Karatasi ilinyonya unyevu ikatanuka, kesho yake ikakauka ikasinyaa, na rangi ya pili haikuangukia pale ilipotakiwa. Kampuni ya Sackett & Wilhelms ikatafuta msaada, na kazi ikamwangukia mhandisi kijana wa miaka 25, Willis Carrier. Alichobuni ni mfumo wa kupitisha hewa kwenye mabomba ya baridi, ili maji yaliyomo hewani yajikusanye kuwa matone na kuchuruzika. Wachapaji walitaka hewa yenye ukavu usiobadilika. Ubaridi ulikuwa nyongeza.

Naanzia huko kwa sababu mnunuzi wa Dar es Salaam, Tanga, Mombasa au Unguja akiingia dukani huuliza swali moja: "Hii inapiga baridi?" Zote zinapiga baridi. Swali la mtu wa pwani ni kama itamkaushia hewa, na kwa gharama gani ya umeme. Mwezi wa Februari, kaskazi ikivuma, mchana wa Dar hufika nyuzi 32 hivi. Dodoma kabla ya mvua nako hukaribia hapo, lakini aliyekaa kote kuwili anajua kwamba hizo si nyuzi zilezile. Dodoma jasho linakauka kabla hujaliona, na linapokauka linaondoka na joto la mwili. Dar linabaki mgongoni, shati linaganda, na usiku wa manane shuka limelowa. Hewa ya pwani imeshashiba maji, haina nafasi ya kupokea ya kwako.

Hili likieleweka, mashine moja inajiondoa yenyewe kwenye orodha: ile feni ya maji yenye magurudumu na tangi, ambayo wauzaji wengi huiita AC ya bei nafuu. Inafanya kazi kwa kupuliza hewa kwenye sponji iliyolowa; maji yanapokauka, hewa inapoa. Dodoma au Shinyanga wakati wa ukame ni kifaa cha maana, kinakula umeme kidogo, na ukifungua dirisha kinapoza chumba kweli. Pwani maji hayo hayana pa kwenda. Dakika za mwanzo unahisi kaupepo, baada ya saa moja umeongeza unyevu katika chumba ambacho tatizo lake lilikuwa unyevu. Viatu vya ngozi vilivyo kabatini vitakupa taarifa, maana vitaota ukungu.

AC ya magurudumu yenye bomba nene la kutoa joto dirishani ni afadhali, kwani ndani ina kompresa ya kweli. Ubaya wake ni kwamba inapotupa hewa ya moto nje, hewa nyingine lazima iingie kuziba pengo, na itaingia kwa chini ya mlango, ya moto na yenye maji. Mpangaji ambaye mwenye nyumba amemkataza kutoboa ukuta anaweza kuivumilia. Mwingine yeyote atafute ya ukutani yenye vipande viwili.

Kabla ya hapo, tazama dari. Kama hakuna pangaboi, anza nalo. Linakula wati 50 hadi 75, yaani usiku mzima wa saa nane hautimizi hata uniti moja, na upepo wake unamfanya mtu ahisi hewa imeshuka nyuzi mbili au tatu. Nimeona nyumba nyingi ambako siku AC ilipofungwa ndiyo siku pangaboi liling'olewa, eti halina kazi tena. Ni hasara. AC iliyowekwa nyuzi 26 na pangaboi likizunguka taratibu inalaza watu vizuri kuliko AC pekee iliyowekwa nyuzi 22, na tofauti ya umeme utaiona kwenye luku.

Na tazama nyumba yenyewe. Majumba ya zamani ya Unguja na Lamu yana kuta nene za mawe ya matumbawe, dari za juu, na njia za upepo zilizoelekezwa kwa makusudi. Sisi tumejenga kuta nyembamba za tofali za saruji, tukashusha dari kwa jipsamu, tukaweka madirisha ya aluminiamu ambayo nusu yake haifunguki kamwe, kisha juu tukafunika kwa bati. Nyumba ya namna hiyo inapika watu. Pazia zito kwenye dirisha la magharibi, mti upande huohuo, sufi au foili ya kuzuia joto kati ya bati na dari: haya yanapunguza ukubwa wa mashine utakayohitaji. Halafu kuna matundu. Nyumba zetu nyingi zina tofali za matundu juu ya madirisha, na madirisha ya vioo vya kukunja ambayo hayajawahi kufunga sawasawa tangu siku yalipowekwa. Kila tundu ni mlango wa maji. AC itayakausha, nje itayarudisha, na wewe utalipia mzunguko huo mwezi hadi mwezi. Ziba kwanza.

Sasa ukubwa, na hapa ndipo watu wanapopotea. Muuzaji wa Kariakoo hana nia mbaya anapokwambia, "Bosi, kwa chumba hicho chukua 18,000, usije ukanirudia." Anaogopa lawama. Mteja anayelalamika kwamba AC haipozi hurudi na kelele. Mteja aliyeuziwa kubwa mno hajui alichofanyiwa. Basi soko zima linaegemea upande wa kubwa.

Hizo namba za BTU ni kipimo cha joto ambalo mashine inaweza kuliondoa chumbani kwa saa moja. BTU 12,000 huitwa tani moja, kipimo kilichorithiwa kutoka biashara ya barafu ya Marekani: ni joto linalotosha kuyeyusha tani ya barafu, kwa tani ya kwao ya ratili 2,000, ndani ya saa 24. Kwa wati ni kama 3,500. Mafundi wengi wanaanza na hesabu ya mkono, BTU 600 kwa kila mita ya mraba. Chumba cha mita 4 kwa 4 kinapata 9,600. Juu ya hapo unaongeza na kupunguza: jua la alasiri ukutani, bati lisilo na kizuizi, sebule iliyoungana na jiko, watu wengi. Mtu aliyekaa tu anatoa joto la wati 100 hivi, kwa hiyo wageni kumi sebuleni ni kama pasi ya umeme isiyozimwa.

Tatizo la mashine kubwa mno ni kwamba inasikiliza joto peke yake. Haipimi maji. Koili ya ndani inahitaji kukaa baridi kwa dakika kadhaa kabla matone hayajashiba na kuanza kuteremka kwenye bomba. AC ya 18,000 katika chumba cha mita 12 za mraba inafikisha nyuzi ulizoagiza kwa haraka, inazima kompresa, na matone yaliyokwisha shika kwenye koili yanapulizwa na feni yakarudi chumbani. Inawaka tena, inazima tena. Unalala katika baridi yenye majimaji, ngozi inanata, unashusha nyuzi zaidi ukidhani baridi haijatosha. Mashine ya 9,000 katika chumba hichohicho ingefanya kazi muda mrefu bila haraka, na bomba lake la maji lingetiririka usiku kucha. Pwani, bomba hilo ndilo la kutazama. AC ya chumba cha kulala inayofanya kazi yake inaweza kujaza ndoo hadi kunakucha.

Kwa hiyo ukijikuta katikati ya saizi mbili, kwa chumba cha kulala chenye kivuli chukua ndogo. Kwa sebule iliyo chini ya bati, yenye watoto wanaoingia na kutoka, chukua inayofuata juu. Sioni sababu ya kukwepa kusema hivyo waziwazi, ingawa najua muuzaji atakuja na hadithi nyingine.

Inveta imepunguza makali ya kosa hili, haijaliondoa. AC ya kawaida ina kompresa inayojua mambo mawili, kuwaka kwa nguvu zote au kuzima. Ya inveta hubadilisha mwendo. Ikikaribia nyuzi ulizoagiza inapunguza kasi badala ya kuzima. Inakaa muda mrefu kazini, na kwa hewa yetu hiyo ni faida ya pili juu ya ile ya umeme. Lakini hata inveta ina mwendo wa chini kabisa ambao haiwezi kuupita, na kubwa mno katika chumba kidogo itagonga hapo na kuanza kuwaka na kuzima kama zile za zamani.

Tufanye hesabu ya umeme, maana ndiyo inayoamua. Kila AC ina kibati ubavuni chenye namba mbili za wati: uwezo wa kupoza, na umeme inaokula. Gawa ya kwanza kwa ya pili. Ukipata 2.8, hiyo ni mashine ya umeme mwingi. Ukipata 3.5 au zaidi unaanza kuzungumza lugha nzuri. Usikubali stika ya rangi iliyobandikwa na mtu usiyemjua ikuzuie kugawa. Kenya imerahisisha: kanuni zake za mwaka 2016 zinataka AC za namna hii ziwe na lebo ya nyota kutoka kwa mdhibiti wa nishati, nyota nyingi zikiwa na maana ya matumizi madogo. Mnunuzi wa Mombasa aitafute lebo hiyo, na wa Tanzania akiiona kwenye boksi asiipuuze. Afrika kwa miaka mingi imekuwa ikipokea mashine ambazo nchi zilizotengeneza haziziruhusu tena kuuzwa kwao. Bei yake dukani inavutia kwa sababu hiyohiyo.

Chukua AC mbili za BTU 12,000. Ya kwanza ni ya kawaida, inakula wati 1,250 ikiwaka, na tuseme usiku wa saa nane kompresa inawaka asilimia 60 ya muda. Hizo ni uniti 6. Ya pili ni inveta nzuri ambayo kwa wastani wa usiku inakula wati 450: uniti 3.6. Kwa shilingi 356 kwa uniti, bei ambayo wateja wa kawaida wa TANESCO wamezoea kuilipa pamoja na kodi na tozo, ya kwanza inakula kama shilingi 64,000 kwa mwezi na ya pili kama 38,000. Nenda dukani na tofauti hiyo kichwani, uilinganishe na tofauti ya bei. Aliye kwenye tarifu ya matumizi madogo, ile ya shilingi 122 kwa uniti, ana jambo jingine la kufikiria: tarifu hiyo ni ya wasiozidi uniti 75 kwa mwezi. Hata hiyo inveta pekee inazimaliza ndani ya wiki tatu, kabla hujawasha taa wala friji. AC inakuja na tarifu yake mpya, na bei ya friji, taa na pasi inapanda pamoja nayo.

Kuna mahali ambapo nisingenunua inveta. Chumba cha wageni kinachowashwa siku chache kwa mwaka hakitarudisha fedha hizo. Na mtaa ambao umeme unapanda na kushuka ovyo una hatari kwa bodi, yaani kadi ya elektroniki inayoiendesha inveta. Bodi ikiungua, wakati mwingine bei yake inamfanya mwenye nyumba afikirie kununua mashine nyingine. Huko weka kilinda umeme kinachokata volti ikizidi au ikipungua na kuchelewesha kuwasha kwa dakika tatu au zaidi, hata kama muuzaji anaapa kwamba AC yake inavumilia.

Jamaa wanaoishi Muscat au Dubai huleta mashine nzuri zenye alama ya T3. Maana yake ni kwamba zimepimwa kwa joto la nje la nyuzi 46, wakati T1 ni nyuzi 35. Kwa jangwa la Oman ni lazima. Kwa Dar si lazima, ila kama mashine ya nje itafungwa kwenye paa la zege juani. Adui wa mashine ya nje huku kwetu ni chumvi. Msasani, Kigamboni, Nyali, Nungwi, upepo wa bahari unakula mapezi ya aluminiamu hadi yanabaki unga mweupe. Tafuta koili iliyopakwa dawa ya kuzuia kutu, ifunge upande usiotazama bahari, na uimwagie maji yasiyo na chumvi mara kwa mara, umeme ukiwa umezimwa.

Gesi sasa. Kwenye kibati utaona R-22, R-410A, R-32, na mara chache R-290. R-22 iache dukani. Inaharibu tabaka la ozoni na inaondolewa sokoni duniani chini ya Itifaki ya Montreal ya 1987, kwa hiyo gesi yake itazidi kuadimika. R-410A haigusi ozoni, lakini kilo moja ikivuja inapasha dunia joto kama kilo 2,088 za hewa ya ukaa. R-32 ni 675. Tofauti hizi ndizo zilizowakutanisha wajumbe wa nchi mbalimbali Kigali mwezi Oktoba 2016, wakakubaliana kupunguza gesi za jamii hii hatua kwa hatua. R-290 ni propani, jamaa wa karibu wa gesi ya kupikia, ambayo karibu haina madhara kwa hali ya hewa lakini inawaka. Inataka fundi aliyefunzwa hasa. Kwa nyumba nyingi mwaka huu jibu ni R-32. Nayo inawaka kwa shida, na hiyo ni sababu tosha ya kutomruhusu fundi ajaze huku anavuta sigara.

Hapo tumefika kwa fundi, na ningependa msomaji akae hapa kuliko kwenye mjadala wa majina ya kampuni. AC mbili zinazofanana zikitoka boksi moja, moja inadumu miaka kumi na nyingine miwili, na tofauti ni siku ya kufungwa. Mabomba ya shaba yanapounganishwa, ndani yake kuna hewa ya pwani, yaani maji. Maji hayo yakichanganyika na mafuta ya kompresa yanatengeneza asidi inayoila taratibu kutoka ndani. Dawa ni vakyumu: pampu inaunganishwa, inanyonya kila kitu kilichomo kwa muda wa kutosha, geji inaachwa kidogo kuona kama inapanda, ndipo gesi inafunguliwa. Fundi asiye na pampu atakwambia ataisukuma hewa kwa gesi ileile iliyomo, sekunde chache tu, biashara imekwisha. Muulize kabla hajapanda ngazi: "Fundi, pampu ya vakyumu umekuja nayo?" Akisema haihitajiki kwa mashine mpya, mpe nauli yake, mwagane kwa amani.

Mwangalie pia anakata bomba la aina gani, maana bomba la aluminiamu lililopakwa rangi ya shaba lipo mitaani. Bomba la maji literemke mfululizo bila kupanda popote, la sivyo maji yatarudi ukutani. Lisielekezwe kichwani kwa jirani wala kwenye njia ya watu. AC iwe na waya wake kutoka kwenye swichi kuu na sakiti breka yake, isichomekwe kwenye soketi moja na friji.

Na gesi haiishi. Petroli inaungua, gesi ya AC inazunguka tu ndani ya mabomba yaliyofungwa. Fundi anayekuja kila mwaka "kuongeza gesi" anakuuzia tena kile kilichovuja kwa sababu hakuziba, au anakuuzia kisichopungua. Mara nyingi baridi ikipungua, kisa ni kichujio kilichojaa vumbi la barabara. Kichujio unakitoa mwenyewe, unakiosha kwa maji ya bomba, unakianika kivulini, unakirudisha. Kando ya barabara ya vumbi fanya hivyo kila baada ya wiki mbili.

Biashara ina hesabu zake. Saluni ya kike yenye draya tatu za wati 1,500 inazalisha joto la BTU 15,000 kabla hata mteja wa kwanza hajaketi, maana kila wati 1,000 ni BTU 3,400. Huko hesabu ya mita za mraba haifai kitu, na feni ya kutoa hewa nje juu ya draya itasaidia kuliko AC ya ziada. Duka lenye mlango wazi barabarani kutwa halipozeki. Weka mapangaboi, na AC iwe ya chumba cha ndani cha ofisi. Ofisi ya watu wanane waliojifungia ikumbuke kwamba AC ya ukutani haivuti hewa kutoka nje. Inazungusha ileile mliyokwisha kuivuta, na usingizi wa saa nane mchana si lazima uwe uvivu. Fungueni dirisha dakika chache wakati wa chakula.

Duka la dawa ndilo lisiloweza kubahatisha. Maboksi mengi yameandikwa kuhifadhiwa chini ya nyuzi 30, mengine 25, na usiku duka likiwa limefungwa maandishi hayo hayabadiliki. Hapo nunua mashine mbili ndogo badala ya moja kubwa, hata kama jumla ya bei inazidi kidogo, na uning'inize kipimajoto chenye kuonyesha pia unyevu mbali na njia ya upepo wa AC. Moja ikiharibika Ijumaa jioni, nyingine inashikilia hadi fundi apatikane Jumatatu. Kaskazi ikishika zinafanya kazi zote mbili. Julai, kusi ikivuma, unazima moja kabisa, na iliyobaki inapata kazi inayoitosha, inakaa kazini saa nyingi mfululizo, bomba la maji likidondoka.